Kabla Hujamwita Mtu Mliberali: Mwongozo wa Kuzielewa Njia Mbili za Kuisoma Biblia

Aprili 2023, wajumbe zaidi ya 1,300 wa Kianglikana kutoka nchi 52 walikusanyika Kigali. Walipoondoka walikuwa wametamka kwamba hawawezi tena kumtambua Askofu Mkuu wa Canterbury kuwa kiungo cha umoja wao. Magazeti mengi yaliandika kwamba ugomvi ni wa ndoa, kwa sababu miezi miwili kabla yake Sinodi Kuu ya Kanisa la Uingereza ilikuwa imeukubali mpango wa sala za kuwabariki wapenzi wa jinsia moja. Lakini tamko la Kigali lenyewe linarudi tena na tena kwenye jambo jingine, nalo ni mamlaka ya Biblia. Nani anaisoma kwa utii, na nani ameiweka kando?

Mjadala huo haukubaki kwa maaskofu. Umeshuka hadi kwenye ibada za nyumba kwa nyumba, kwenye vikundi vya WhatsApp vya usharika na kwenye maombi ya wanafunzi vyuoni. Kijana amerudi likizo kutoka chuo cha theolojia, amesema vitabu vitano vya Musa havikuandikwa na mtu mmoja, wazee wametazamana, na kabla chai haijaisha ameshapachikwa jina: mliberali. Kwingine mambo hugeuka. Mama anayeamini kwamba dunia iliumbwa kwa siku sita huambiwa hajasoma, tena na watu ambao hawajawahi kumuuliza kwa nini anaamini hivyo.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya yeyote anayejikuta katikati ya kikao cha namna hiyo: kiongozi wa kikundi cha Biblia, mzee wa kanisa, mzazi, mwanafunzi. Haukuchagulii upande. Unakuonyesha jinsi ya kujua watu wanatofautiana wapi hasa, maana mara nyingi sipo pale wanapopigia kelele.

Kwa nini ujisumbue

Sababu ya kwanza ni ya kiroho kabisa. Kutoka 20:16 inakataza kumshuhudia jirani uongo, na kumwita mtu asiyeamini wakati anaamini, au mjinga wakati ana hoja, ni ushuhuda wa uongo hata ukitolewa madhabahuni.

Ya pili ni ya kazi. Mambo mengi ya kanisa huamuliwa juu ya msingi huu bila msingi wenyewe kutajwa: nani apewe daraja la uchungaji, mwinjilisti wenu apelekwe chuo gani, watoto wa shule ya Jumapili wafundishwe kwa kitabu kipi, mgeni gani akaribishwe mimbarini. Usipojua tofauti iko wapi utapigana mahali ambapo pande zote mbili zinakubaliana, na utapita kimya pale zilipoachana kabisa. Mifano ya makosa hayo yote mawili iko hapa chini.

Pande mbili, kila upande kwa maelezo yake

Mhafidhina huanza na Mungu aliyesema. Kwake Biblia ni Neno la Mungu lililoandikwa. Waandishi walikuwa watu kamili, wenye lugha na tabia zao, ila Roho aliwaongoza hata walichokiandika kikawa kile Mungu alichotaka kiandikwe. Na kwa kuwa Mungu hasemi uongo, Andiko halikosei. Maelezo kamili ya msimamo huu yalitolewa Oktoba 1978 mjini Chicago, Marekani, ambako viongozi na wasomi wa kiinjili zaidi ya 200 walitia sahihi tamko lenye vipengele 19, kila kimoja kikisema kinachokubaliwa na kinachokataliwa.

Mliberali huanza na watu waliokutana na Mungu. Kwake Biblia ni ushuhuda wa Israeli na wa kanisa la kwanza juu ya kukutana huko, ulioandikwa kwa muda wa karne nyingi na watu wa nyakati zao, wenye ujuzi wa nyakati zao na mipaka ya nyakati zao. Mungu husema kupitia ushuhuda huo, lakini si kila sentensi ni sauti yake. Ndiyo maana huuliza: nani aliandika, lini, akiwaandikia nani, akitumia vyanzo gani? Mizizi ya njia hii iko kwa Friedrich Schleiermacher wa Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya 19. Baadaye wasomi kama Julius Wellhausen walieleza kuwa vitabu vya Musa vimesukwa kutoka kwenye maandiko manne ya nyakati tofauti. Kijana wetu wa likizo alikuwa anarudia hoja hiyo, ambayo leo ina umri wa zaidi ya karne moja.

Katikati yao kuna umati. Mkataba wa Lausanne wa 1974, unaokubaliwa na wainjili wengi wa Afrika, unasema Biblia haikosei katika yale yote inayoyathibitisha, na hapo mtu anaweza kuuliza kwa haki: katika sura hii, inathibitisha nini? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya 1965 kuhusu ufunuo, uliufunga ukweli usio na kosa kwenye kile ambacho Mungu alitaka kiandikwe kwa ajili ya wokovu. Karl Barth wa Uswisi alikubali kwamba waandishi wa Biblia waliweza kukosea kama watu, kisha akahubiri kutoka kwenye Biblia hiyo kwa utii ambao wahafidhina wengi wangeuonea wivu. Wapo waliomwona mliberali, na wapo waliberali waliomwona msaliti.

Kwa hiyo unapoambiwa kuna kambi mbili tu, usikubali haraka.

Hatua ya 1: Uliza maswali manne

Ukitaka kujua msimamo wa mhubiri, mwandishi au chuo, jina la dhehebu halitakusaidia sana. Maswali haya manne yatakusaidia.

KISANDUKU: MASWALI MANNE

1. Biblia *ni* Neno la Mungu, au Neno la Mungu *limo ndani* ya Biblia?
2. Tukisema Biblia ni kweli, tunamaanisha kweli ya imani na wokovu peke yake, au pia ya historia na ya maumbile?
3. Je, inajalisha nani aliandika? Kama barua yenye jina la Paulo iliandikwa na mwanafunzi wake baada yake, uzito wake unapungua?
4. Andiko linapogongana na kitu kingine, iwe sayansi, dhamiri, mila au maisha ya watu, kipi hunyenyekea mbele ya kingine?

Swali la nne ndilo linalofichua mengi. Wengi watajibu matatu ya kwanza kwa maneno waliyofundishwa kipaimara, lakini kwenye la nne mtu husema anachokifanya. Mhafidhina atasema, "Nitachunguza kwanza kama nimelielewa Andiko vizuri, nikishalielewa, mimi ndiye ninayebadilika." Mliberali atasema, "Mungu yuleyule anasema pia kupitia akili na dhamiri. Ikionekana wazi kwamba andiko hili linaumiza watu, nitalipima kwa upendo wa Kristo." Zote mbili ni kauli za watu wanaomcha Mungu. Ila haziwezi kuwa kweli zote kwa wakati mmoja, na ni heshima kwa pande zote kulisema hilo waziwazi.

Namna ya kuuliza ina uzito kuliko swali. Baada ya ibada, salimia kwanza, kisha sema hivi: "Mchungaji, somo limenigusa. Naomba nielewe zaidi: pale uliposema habari ile ni mfano, unasema haikutokea, au unasema ilitokea na ina fundisho zaidi?" Ukiuliza hivyo utapata jibu. Ukianza na "Mbona unafundisha uliberali?" utapata ugomvi, na mchungaji mwenyewe ataondoka akiwa na uhakika kwamba wewe ndiye mwenye tatizo.

Hatua ya 2: Peleka maswali kwenye andiko moja

Usijadili "Biblia" kwa jumla. Chagua mistari michache, mkae nayo. Mfano mzuri ni 1 Timotheo 2:11–12, ambapo mwandishi hampi mwanamke ruhusa ya kufundisha wala kumtawala mwanamume. Sikiliza jinsi wasomaji wanne wanavyoisoma mistari hiyo.

Msomaji wa kwanza ni mhafidhina. Anaona kwamba mstari unaofuata unataja Adamu aliyeumbwa kwanza, si desturi ya mji fulani. Kwa kuwa sababu iko kwenye uumbaji, agizo halina mwisho. Jibu lake: wanawake wasiwe wachungaji.

Wa pili naye ni mhafidhina, tena mwenye kuamini kila neno. Lakini anaanza na 1 Timotheo 1:3, ambapo Timotheo anaachwa Efeso ili azuie walimu wa uongo, na anaamini agizo lilikuwa dawa ya ugonjwa wa mahali pale. Anakukumbusha Priskila akimfundisha Apolo katika Matendo 18:26, Fibi katika Warumi 16:1, na wanawake wanaosali na kutoa unabii katika 1 Wakorintho 11:5. Jibu lake: wanawake wawe wachungaji, kwa sababu Biblia ikisomwa yote inaruhusu.

Wa tatu ni mliberali. Anakubali kwamba mwandishi alimaanisha alichosema, tena kwa wanawake wote. Lakini anaamini, pamoja na wasomi wengi wa vyuo vikuu, kwamba barua hii iliandikwa baada ya Paulo, wakati kanisa linajifunza kuishi kwa taratibu za familia za Kirumi. Kwake Wagalatia 3:28 iko karibu zaidi na kiini cha injili, na agizo la Timotheo ni la zama zilizopita. Jibu lake: wanawake wawe wachungaji.

Wa nne ni Mkatoliki. Katika seminari yake uhakiki wa kihistoria, yaani kuuliza nani aliandika, lini na kwa vyanzo gani, ni somo la kawaida. Tume ya Kipapa ya Biblia iliuunga mkono katika hati ya 1993, na hati hiyohiyo ikakosoa vikali usomaji wa neno kwa neno. Hata hivyo, Kanisa lake halitoi upadre kwa wanawake, na barua ya Papa Yohane Paulo II ya 1994 ilisema halina mamlaka ya kufanya hivyo. Yeye hategemei Timotheo peke yake. Anasimama juu ya mfano wa Yesu aliyechagua mitume wanaume na juu ya mapokeo ya Kanisa tangu mwanzo.

Angalia tena. Wa pili na wa tatu wana jibu moja, lakini njia zao hazikukutana popote. Wa kwanza na wa nne nao wana jibu moja kwa sababu mbili tofauti. Anayepima watu kwa jibu atakosea kwa wasomaji wote wanne.

Haya si mambo ya kubuni mezani. Desemba 1983 Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, Uganda, aliwapa wanawake watatu daraja la ukasisi. Kivengere alikuwa mtoto wa Uamsho wa Afrika Mashariki, mhubiri wa msalaba na toba, mtu ambaye hakuna aliyeweza kumwita mliberali akaeleweka. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania liliukubali uchungaji wa wanawake mwaka 1990. Nchini Kenya, Rose Okeno aliwekwa wakfu kuwa askofu wa Butere Septemba 2021, ndani ya Kanisa la Kianglikana ambalo viongozi wake wako mstari wa mbele kuyapinga mabadiliko ya Canterbury. Mwenye kudhani kwamba mwanamke akivaa kola ya uchungaji basi uliberali umeingia atashindwa kabisa kuyaelezea makanisa haya.

Hatua ya 3: Tambua aina ya andiko kabla ya kugombana juu ya ukweli wake

Zaburi huimbwa, sheria hutiiwa, mfano husimuliwa, historia huhadithia kilichotokea. Ugomvi mwingi huanza pale wawili wanapoafikiana kwamba andiko ni kweli bila kuulizana ni andiko la aina gani.

Kisa kinachofundisha zaidi kuhusu jambo hili kilitokea barani humu. Miaka ya 1850 John William Colenso, askofu wa Natal katika Afrika Kusini ya leo, alikuwa akitafsiri Biblia kwa Kizulu akisaidiwa na Mzulu aitwaye William Ngidi. Walipofika kwenye habari za gharika, Ngidi alimuuliza kama kweli anaamini kwamba wanyama wote, wa nchi za joto na za baridi, walikuja wawili wawili hadi kwenye safina, na kama Nuhu aliwakusanyia chakula wote, pamoja na wale wanaokula nyama. Colenso alishindwa kumjibu kwa dhamiri safi. Mwaka 1862 akaanza kuchapisha uchunguzi wake juu ya vitabu vya Musa, akipiga hesabu za umati wa jangwani na kuonyesha, kwa mfano, kwamba kusanyiko lote la Israeli lisingeweza kutosha mbele ya mlango wa hema kama Mambo ya Walawi 8 inavyosimulia.

Kanisa likawaka moto. Mwaka 1863 alihukumiwa Cape Town kwa uzushi na kuvuliwa uaskofu. Mwaka 1865 baraza la juu la mahakama London likasema waliomhukumu hawakuwa na mamlaka hayo. Mtafaruku huo ulikuwa miongoni mwa sababu za kuitishwa kwa mkutano wa kwanza wa Lambeth mwaka 1867. Maaskofu wa Kianglikana duniani walianza kukutana, kwa sehemu, kwa sababu Mzulu mmoja aliuliza swali la akili juu ya safina.

Leo Ngidi angepata majibu matatu. Mhafidhina mmoja angemwambia gharika iliifunika dunia nzima na Mungu aliyeileta aliweza kuwalisha wanyama. Mhafidhina mwingine angesema ilikuwa gharika ya kweli ya eneo moja, iliyosimuliwa na watu ambao eneo hilo ndilo lilikuwa dunia yao. Mliberali angemkumbusha kwamba mwaka 1872 George Smith wa Jumba la Makumbusho la Uingereza alisoma kwenye vigae vya udongo hadithi ya gharika ya Wababeli inayofanana sana na hii, kisha angesema Mwanzo imeichukua simulizi iliyojulikana na kuitumia kufundisha jambo jipya: Mungu ni mmoja, mwenye haki, na, tofauti na miungu ya Wababeli, hakuwaangamiza watu kwa kuchoshwa na kelele zao.

Kwenye kikundi, kabla ya mtu yeyote kusema "ilitokea" au "haikutokea", mpe kila mmoja nafasi ya kujibu kwanza: andiko hili ni la aina gani, na umejuaje?

Hatua ya 4: Soma tanbihi bila hofu

Hapa ndipo watu hupigana mahali pasipo na tofauti. Fungua Marko 16. Tafsiri nyingi za kisasa zina mabano au maelezo chini ya ukurasa kuhusu mstari wa 9 hadi wa 20. Sababu ni kwamba hati mbili kongwe za karne ya 4, ile iliyopatikana Sinai na ile ya Vatikano, zinaishia mstari wa 8. Vivyo hivyo habari ya mwanamke aliyefumaniwa, Yohana 7:53 hadi 8:11, haimo katika hati hizo.

Utasikia mtu akidai kwamba Biblia yenye mabano imechakachuliwa na waliberali. Sivyo. Tamko la Chicago lenyewe linasema kutokosea kunahusu maandiko ya asili yalivyotoka mikononi mwa waandishi, na kulinganisha nakala za kale ili kuyapata ni kazi ambayo wahafidhina huifanya kwa bidii sawa na wengine wote. Mhafidhina anayeziheshimu hati hizo anafanya hivyo kwa sababu ya uhafidhina wake.

Hatua ya 5: Usikimbie pale panapouma

Kosa la kinyume nalo lipo: kutabasamu na kusema "sote tunampenda Yesu" ili kikao kiishe salama. Kuna mahali ambapo tofauti ni nzito kweli, na ufufuo ndipo mahali penyewe.

Katika 1 Wakorintho 15 Paulo anajenga imani yote juu ya Kristo kufufuka. Rudolf Bultmann, mwanatheolojia wa Ujerumani, alieleza mwaka 1941 kwamba lugha ya Agano Jipya juu ya miujiza ni lugha ya hekaya za kale, na kwamba lazima ifasiriwe upya ili mtu wa leo asikie wito ulio ndani yake. Kwake ufufuo ni imani iliyoamka mioyoni mwa wanafunzi walipoelewa maana ya msalaba. Mwili uliotoka kaburini haumo katika maelezo yake. J. Gresham Machen, Mpresbiteri wa Marekani, alikuwa ameshaandika mwaka 1923 kwamba uliberali wa namna hiyo si tawi la Ukristo bali ni dini nyingine. Maneno makali, lakini yalikuwa ya mtu aliyewasoma wapinzani wake hukohuko Ujerumani, na hoja yake haijibiwi kwa kumwita mkali.

Hata hapa usimsukumie kila mtu kwenye kapu moja. Wolfhart Pannenberg, naye Mjerumani, alitumia zana zilezile za uhakiki wa kihistoria na akahitimisha kwamba ufufuo wa Yesu ni tukio la historia. Kwa hiyo swali la kumuuliza mhubiri wako ni la wazi tu: kaburi lilikuwa tupu, au halikuwa? Mpe nafasi ajibu kwa sentensi zake.

Hatua ya 6: Msome mtu kwa kalamu yake

Mwaka 1975 Byang Kato, Mnigeria aliyekuwa katibu mkuu wa jumuiya ya wainjili wa Afrika iliyoundwa Limuru mwaka 1966, alitoa kitabu kilichochapwa Kisumu. Ndani yake aliwaonya Wakristo wa Afrika dhidi ya wanatheolojia kadhaa, na jina lililotajwa sana lilikuwa la John Mbiti, kasisi wa Kianglikana kutoka Ukambani aliyefundisha Makerere. Kato aliona kwamba Mbiti anaipa dini ya jadi ya Kiafrika nafasi inayopunguza upekee wa Kristo, na kwamba anaelekea kufundisha kuwa watu wote hatimaye wataokolewa. Desemba ya mwaka huohuo Kato alikufa maji Mombasa, akiwa na miaka 39. Mjadala ukabaki na sauti moja.

Kwa miaka mingi wanafunzi wa vyuo vya kiinjili walimjua Mbiti kupitia kurasa za Kato. Wengi hawakujua kwamba mwaka 1986 Mbiti alitoa kitabu kizima kuonyesha jinsi Biblia ilivyo moyo wa Ukristo wa Afrika, wala kwamba uzeeni aliketi peke yake akalitafsiri Agano Jipya kutoka Kigiriki hadi Kikamba, likatoka mwaka 2014, miaka mitano kabla ya kifo chake. Hilo halifuti hoja ya Kato: swali la kama wote wataokolewa ni swali la kweli, na Kato alikuwa na haki ya kulipandisha mezani. Lakini aliyemsoma Kato peke yake hamjui Mbiti, na aliyemsoma Mbiti peke yake hajui kwa nini Kato alihangaika kiasi kile kwa ajili ya kanisa changa alilolipenda.

Kwa vitendo: kabla hujafundisha kikundi msimamo wa mtu, soma angalau sura moja aliyoiandika mwenyewe. Kisha mweleze kwa namna ambayo, kama angekuwepo chumbani, angeitikia, "Ndiyo, ndivyo ninavyosema."

Makosa yanayorudiwa sana

*"Mhafidhina huchukua kila kitu neno kwa neno."* Tamko la Chicago linakubali wazi tarakimu za kukadiria, lugha ya kukuza mambo, maelezo ya maumbile jinsi jicho linavyoyaona, na tofauti za mpangilio kati ya Injili. Mhafidhina akisoma kwamba jua limechomoza hadai kwamba jua ndilo linaloizunguka dunia.

*"Mliberali hamwamini Mungu."* Colenso aliendelea kuhubiri na kutafsiri hadi kifo chake mwaka 1883, na alipoteza marafiki wengi Wazungu kwa kumtetea chifu Langalibalele na baadaye mfalme Cetshwayo. Unaweza kuyakataa mahitimisho yake yote kuhusu Musa bila kumnyima imani.

*"Uliberali ni wa Wazungu, uhafidhina ni wetu."* Vyote viwili vimesafiri. Kati ya 1910 na 1915 ndugu wawili matajiri wa mafuta wa California, Lyman na Milton Stewart, waligharamia vitabu 12 vya kutetea misingi ya imani na kuvigawa bure kwa wachungaji na wamisionari duniani kote. Na swali lililomtikisa Colenso liliulizwa na Mwafrika.

*"Wahafidhina daima hutetea ukandamizaji."* Wabaptisti wa kusini mwa Marekani walijitenga mwaka 1845 kwa sababu ya utumwa, wakiutetea kwa mistari ya Biblia, ni kweli. Lakini William Wilberforce na wenzake walioipigania sheria ya Uingereza ya kupiga marufuku biashara ya watumwa, iliyopita mwaka 1807, walikuwa wainjili walioisoma Biblia kwa imani isiyo pungufu.

Tahadhari kwa anayeongoza kikundi

Usiwarushie waumini wapya mambo ya vyanzo vinne vya Musa katika kipindi cha kwanza kwa kutaka tu kuonekana umesoma. Vilevile usiwafiche. Kijana aliyekatazwa kuuliza kanisani atakwenda kuuliza kwenye simu yake, na atakayemjibu huko hatamlea.

Usiruhusu mtu anukuu mstari mmoja kama jiwe la kumtupia mwenzake. Anayetaja mstari asome sura nzima kwa sauti.

Na mkishindwa kukubaliana, andikeni kwenye daftari la kikundi mmetofautiana kwenye swali lipi kati ya yale manne, kisha endeleeni na somo la wiki ijayo. Daftari hilo litawasaidia kugundua, baada ya miezi michache, kwamba ninyi hubishana juu ya swali moja tu kwa sura mbalimbali.

ORODHA YA KUKAGUA: kabla ya kuchagua chuo, kitabu au mwalimu

☐ Nimesoma tamko lake la imani, hasa kipengele kinachohusu Maandiko, na nimeona linasema "haikosei katika yote", "haikosei katika inayoyathibitisha", "haikosei katika mambo ya wokovu", au halisemi lolote.

☐ Najua anavyolijibu swali la nne, kwa mfano halisi.

☐ Nimeangalia vitabu vinavyosomwa darasani: je, upande mwingine unasomwa kwa kalamu yake, au kwa kalamu ya wapinzani wake?

☐ Nimeuliza kuhusu ufufuo na nimepewa jibu la moja kwa moja.

☐ Nimezungumza na mtu mmoja aliyehitimu pale miaka kadhaa iliyopita, nikamuuliza kama bado anasoma Biblia akiwa peke yake nyumbani.

☐ Naweza kumweleza askofu au mzee wangu kwa nini nimechagua au nimekataa, bila kutumia neno "mliberali" wala "mhafidhina" hata mara moja.